Mnara wa Siloamu na Ndege ya Gagarin

Somo: Luka 13:1-5

Leo nina neno la toba, na toba yenyewe inaanza na mimi mchungaji wenu.

Wengi mmenisikia nikihubiri habari za Yuri Gagarin, yule Mrusi aliyekuwa mwanadamu wa kwanza kufika anga za juu, Aprili 12, 1961. Nimesema hapa madhabahuni, tena si mara moja, kwamba alipofika huko alisema hamwoni Mungu. Halafu namalizia kwamba miaka saba baadaye Mungu alimwangusha. Mlisema amina, na mimi nikaifurahia hiyo amina.

Juzi baada ya ibada kijana wetu wa kidato cha nne alinijia kwa adabu. "Pastor, hayo maneno uliyatoa wapi?" Nikakosa jibu. Nikaenda kusoma. Kumbe katika kumbukumbu za mazungumzo yake ya redio akiwa angani, maneno hayo hayamo. Rafiki yake, Kanali Valentin Petrov, alieleza baadaye kwamba aliyesema hivyo ni Nikita Khrushchev, mkuu wa Sovieti, akihutubia chama chake. Watu wakayabandika kwa Gagarin. Kwa hivyo mimi nimemshuhudia uongo mtu ambaye hawezi tena kujitetea.

Na kifo chake je? Ilikuwa Machi 27, 1968. Gagarin alikuwa na miaka 34, mume wa Valentina na baba wa wasichana wawili. Alikuwa amezuiwa kurusha ndege za vita kwa muda, kwa sababu taifa liliogopa kumpoteza. Sasa alikuwa amerudi mafunzoni. Walitumia MiG-15UTI, jeti ya mafunzo yenye viti viwili. Yeye alikaa mbele, na nyuma yake akakaa mkufunzi Vladimir Seryogin, rubani aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia. Waliruka kutoka uwanja wa Chkalovsky, karibu na Moscow, saa nne na dakika chache asubuhi. Mawingu yalikuwa mazito. Gagarin akaarifu kwamba zoezi limekwisha, wanarudi. Kisha redio ikanyamaza. Ndege iliangukia msituni karibu na mji wa Kirzhach, na wote wawili wakafa.

Tume ilichunguza, ripoti ikafungiwa kuwa siri. Na ukweli ukifungiwa, mnajua kinachofuata: uvumi. Ati walikuwa wamelewa. Ati walikuwa wanacheza na ndege. Uchunguzi wa miili haukukuta pombe. Mwaka 2011 serikali ya Urusi ilipotoa sehemu ya matokeo, ilisema yaelekea ndege iligeuzwa ghafla, pengine kukwepa puto la wapima hali ya hewa au kukwepa wingu, ikashindwa kurudi sawa. Mwanaanga mwenzake, Alexei Leonov, yeye alisema jeti nyingine ilipita karibu mno, upepo wake ukaizungusha ndege yao. Hata leo watu hawajakubaliana. Lakini mimi madhabahuni nilikuwa na jibu tayari!

Sasa tusome somo letu. Watu kumi na wanane waliangukiwa na mnara huko Siloamu. Watu walitaka kujua dhambi ya marehemu. Yesu akakataa kabisa kwamba hao walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu. Kisha akawageukia wale walio hai, akawaambia watubu. Umeona? Mnara ukianguka, Yesu hachunguzi kaburi. Anachunguza wewe uliyesimama kando ukinyoosha kidole.

Sisi je? Aprili 18, 2024, helikopta ya jeshi ilipoanguka Sindar, Elgeyo Marakwet, ikamuua Jenerali Francis Ogolla na wenzake tisa, simu zetu zilijaa "ukweli" kabla ya usiku kuingia. Kila mmoja mpelelezi. Na huko kwenye nyumba zao kulikuwa na wajane na watoto waliokuwa wakisoma hayo hayo.

Wapendwa, nilipokuwa nasoma juu ya Gagarin, Roho Mtakatifu alinikumbusha kaburi la hapa karibu. Mnakumbuka kijana wetu wa bodaboda aliyefia barabara ya Nkubu kwenda Chuka, usiku wa Julai, ukungu umeshuka kutoka mlimani. Kwenye matanga nilisikia minong'ono kwamba alikuwa amelewa. Sikuuliza mtu. Siku ya mazishi nikashika maikrofoni, nikawaambia vijana, "Mmeona vile pombe inamaliza mtu." Mama yake alikuwa ameketi mbele yangu chini ya hema. Hakulia. Aliniangalia tu.

Baadaye abiria aliyepona alisema: lori lilikuwa limeharibika, likaachwa barabarani bila taa, bila hata tawi la kuonya. Kijana hakuwa ameonja pombe. Nilisikia hayo, nikanyamaza. Mama aliendelea kuja ibadani, akawa anakaa safu ya mwisho, akiondoka kabla ya salamu. Nami nilijiambia ni huzuni tu.

Wiki jana nilienda kwake kuomba msamaha. Alinipa chai. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Pastor, mwanangu ulimsema kwa maikrofoni. Msamaha unaniletea jikoni?"

Kwa hivyo nimeandika hapa, na Jumapili nitasema mbele ya kanisa lote: yule kijana hakuwa mlevi. Nilimsingizia. Mama, nisamehe. Kanisa, mlionisikia siku ile mkabeba maneno yangu mkayapeleka sokoni, nisaidieni kuyarudisha.

Nawe msomaji, ni nani umemsema? Kama ulimsema kwenye kikundi cha WhatsApp, rudi kwenye kikundi hicho hicho. Kama ulisema chamani, simama chamani. Na siku nyingine mnara ukianguka na hujui sababu, sema "sijui", kisha umpelekee mama maji na kuni. Hiyo ndiyo huduma.

Bwana, weka mlinzi kinywani mwetu, uanze na mchungaji. Amina.