Je, Aliyejiunga Kwingine Amelogwa?

Kijana akiacha kuja ibadani na kuhamia kwenye kikundi kipya, neno la kwanza linalosemwa ni kwamba amelogwa. Wasomi wetu husema ameoshwa ubongo. Ni kitu kilekile: anayeongea si yeye, kwa hiyo hakuna haja ya kumsikiliza.

Neno hilo limeshapimwa. Mwanasosholojia Eileen Barker wa London aliwachunguza kwa miaka kadhaa wafuasi wa Sun Myung Moon, ambaye kanisa lake lilianza Korea mwaka 1954. Alikaa nao, akaongea na wazazi pia, na kitabu chake kikatoka mwaka 1984. Katika watu zaidi ya 1,000 waliohudhuria semina zao eneo la London mwaka 1979, tisa katika kila kumi hawakujiunga. Wengi wa waliojiunga nao wakatoka wenyewe baada ya muda si mrefu. Uchawi gani huo unaoshindwa mara tisa kwa kumi?

Mwaka 1965 John Lofland na Rodney Stark walikuwa wameandika juu ya kundi hilohilo huko Marekani, likiwa bado dogo. Waliona kwamba mafundisho peke yake hayakutosha kumvuta mtu. Aliyejiunga ni yule ambaye urafiki wake na watu wa ndani ulizidi uhusiano wake na walio nje. Hapo sisi tulio ugenini tunaelewa haraka. Mtu anatoka shifti ya usiku, anarudi kwenye chumba cha baridi, na simu ya nyumbani ikilia ni ya kuomba hela. Anayembishia hodi na sufuria ya wali hahitaji hirizi.

Miaka ya 1970 wazazi wengine Marekani walilipa watu wawakamate watoto wao, watu wazima, na kuwafungia mpaka waikane imani yao mpya. Uchungu wao tunaujua. Lakini walifanya kwa mikono yao lile walilolishtaki kundi.

Basi tuseme kila mtu amejichagulia, yaishe? Shakahola inatukataza. Mwaka 2023, kule Kilifi, watu waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu, na miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Miongoni mwao walikuwemo watoto wengi. Mtoto hakuchagua kitu.

Kwa hiyo tusianze kwa kuuliza kama mafundisho ni mapya. Yetu nayo yalikuwa mapya siku moja. Tuulize: anaweza kuondoka bila kutishwa? Anaruhusiwa kumpigia mama yake? Mtoto anakula, na akiugua anapelekwa hospitali? Mshahara wake anaushika nani? Jirani anayesikia mkesha wetu wa Ijumaa ana haki ya kutuuliza hayohayo.