Fisi Alikuwa na Kosa Gani?

Jioni moja hapa Kasha, katika komini ya Bagira, umeme ulikuwa umekatika, na watoto wa jirani wakakusanyika kwa nyanya mmoja kusikiliza hadithi. Akawasimulia jinsi Sungura na Fisi walivyopika pamoja chungu cha maharagwe. Usiku, Fisi alipolala, Sungura aliamka, akayala yote, kisha akampaka mwenzake mchuzi mdomoni. Asubuhi wanyama wakauona mdomo wa Fisi, wakampiga vikali. Watoto wakacheka sana. Msichana mmoja tu hakucheka. Akauliza: "Nyanya, Fisi alikuwa na kosa gani?" Nyanya akajibu: "Hakuwa na kosa, mjukuu wangu. Alilala tu."

Baadaye baba mmoja wa shirika letu alinung'unika mbele yetu. Alisema: "Wanyama hawasemi, kwa hiyo hadithi hizi ni uwongo. Tena zamsifu mwizi. Mtoto mkristu afundishwe katekisimu, basi." Tusimdharau baba huyu. Mzazi atatoa hesabu mbele ya Mungu juu ya kila neno alilolipanda moyoni mwa mtoto wake. Basi tuyapime maneno yake.

Kwanza, je, hadithi ni uwongo? Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, alilijibu swali hili yapata mwaka 420, katika kitabu alichokiandika kuukataza uwongo wa kila namna. Alifundisha kwamba hadithi za wanyama wasemao si uwongo, kwa sababu zimetungwa ili kutupeleka kwenye jambo la kweli. Akataja Maandiko yenyewe: katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, miti yatafuta mfalme, na mzeituni na mtini na mzabibu yajibu kama watu. Hakuna asemaye kwamba Maandiko yadanganya. Mwongo hutaka kuuficha ukweli. Mwenye hadithi hutaka uonekane.

Pili, je, tumsimulie mtoto habari za mwizi asiyekamatwa? Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alisimulia habari ya wakili asiye mwaminifu, katika Injili ya Luka, sura ya 16. Wakili yule alizipunguza hati za deni za bwana wake, na bwana wake akamsifu kwa busara yake. Yezu hakutuambia tuibe. Alitaka tuone jinsi wana wa dunia hii walivyo wepesi katika mambo yao, na sisi tulivyo wazito katika mambo ya Mungu. Ubaya ukisimuliwa vema huyafungua macho. Nabii Natani alimsimulia mfalme Daudi habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi akawaka hasira, akamhukumu tajiri yule, ndipo akaambiwa: "Mtu huyo ni wewe." Kama Natani angelianza na neno hilo la mwisho, labda mfalme asingelisikia.

Lakini hapa twaweza kukosea kwa njia nyingine. Kuna walimu wa dini ambao, hadithi ikiisha tu, huanza kueleza: Fisi ni huyu, chungu ni kile, maharagwe ni neema. Mtoto hupewa majibu kabla hajauliza, naye husinzia. Yezu hakufanya hivyo. Marko atuambia katika sura ya 4 kwamba aliusemesha umati kwa mifano, na wanafunzi wake walipomwuliza faraghani, akawaeleza. Hata mwandishi C. S. Lewis, ambaye alikuwa Mwanglikana, alijua siri hiyo. Katika vitabu vyake vya watoto, ambavyo cha kwanza kilitoka mwaka 1950, simba mmoja ajitoa kufa badala ya mkosaji, kisha afufuka. Mwaka 1953 mtoto mmoja alimwandikia akitaka kujua jina la simba huyo katika dunia yetu. Lewis hakulitaja. Alimpa dalili chache, akamwacha alitambue mwenyewe.

Sasa turudi kwa msichana wetu. Amri ya nane ameisoma katika katekisimu: usimshuhudie jirani yako uwongo. Huenda ameikariri mara nyingi bila kuguswa. Jioni ile, amri hiyo ilitoka katika kinywa chake mwenyewe, nayo ilikuwa swali. Wenzake walicheka pamoja na umati wa wanyama. Yeye alisimama upande wa aliyepigwa.

Nasi twajua kwamba jambo hili si mchezo. Katika nchi yetu ya Kivu wanawake wazee wamesingiziwa uchawi, na watu wamepigwa mpaka kufa kwa sababu mtu mmoja njiani alipiga kelele: "Mwizi!" Mdomo wenye mchuzi ulionekana ushahidi wa kutosha. Tena sisi tulio wakristu twamwabudu Mmoja aliyeshuhudiwa uwongo mbele ya baraza, na umati ukapiga kelele asulibiwe. Pilato mwenyewe aliuuliza umati: "Amefanya uovu gani?" Lakini aliogopa, akamtoa. Nyanya wetu hakulitaja jina la Yezu jioni ile, na hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa. Mtoto aulizaye kosa la Fisi yu tayari kusikia habari ya Ijumaa Kuu.

Basi, wazazi wapendwa, msiziache hadithi. Msimulieni mtoto, kisha mnyamaze kidogo. Akiuliza, mjibuni kwa ukweli, kama nyanya yule asiyeuficha udhalimu. Asipouliza, ninyi mwulizeni: "Katika hadithi hii, wewe ungekuwa nani?" Naye baba wa shirika letu tumemwalika aje jioni moja kusikiliza.

Lakini tukumbuke neno moja zaidi. Siku moja umati utapita mlangoni petu ukimburuta mtu. Mtoto yule atatutazama usoni, akingoja kuona kama nasi tutauliza: "Ana kosa gani?"