Farasi Aliyerudi Zizini

Je, kurudi nyuma ni kushindwa? Aghalabu twamsifu mtu asiyegeuka: aliyetamka neno akalishikilia, hata kama neno lenyewe lilikuwa kosa tangu mwanzo.

Natazama mchezo mmoja wa sataranji. Mwaka 1972, mjini Reykjavik, Iceland, Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti alikuwa akiutetea ubingwa wa dunia mbele ya Mmarekani Bobby Fischer. Baada ya michezo 10 Fischer alikuwa na pointi 6.5, Spassky 3.5. Katika mchezo wa 11 Fischer, mwenye kete nyeusi, akachagua Kinga ya Sisilia, kinga inayopendwa mno, ambayo kwa hakika si ya wanyonge: mwenye kuitumia hajifichi, bali hujibu shambulio kwa shambulio. Malkia wake akapenya peke yake hadi kambi ya adui, akamla askari ambaye wachezaji humwita mwenye sumu. Kumla ni rahisi; tabu ni kutoka.

Kwa hatua ya 14 Spassky akamrudisha farasi wake kwenye mraba uleule alioanzia. Mtazamaji wa juujuu angesema hatua mbili zimepotea bure, na katika sataranji wakati ni mali. Kumbe farasi yule, akiwa zizini, ndiye aliyemtisha malkia. Malkia akakimbia, njia zikazidi kumbana, na ilipofika hatua ya 24 hakuwa na pa kwenda. Fischer akasalimu amri katika hatua ya 31.

Si kila kurudi kuna busara. Wapo wanaouita woga wao hekima, hao tuwaache. Jahazi linapobisha huipa bandari ubavu, wala nahodha hadhani ameiacha safari. Lakini nahodha hatazamwi na ulimwengu. Spassky alikuwa bingwa, yu nyuma kwa pointi 3, na ilimpasa aonyeshe hadharani kwamba farasi wake alisimama pasipofaa. Kwangu mimi uzito wa tendo lake uko hapo, katika kuivumilia aibu hiyo, kuliko katika hesabu zake.

Atasema mtu: mbona ubingwa aliupoteza, kwa pointi 12.5 dhidi ya 8.5? Ni kweli. Ila katika mchezo wa 15 Kinga ya Sisilia ilirejea, kwa njia ileile, na safari hii Fischer hakumgusa askari yule.