Joto la Mwendo na Swali la Tatu

Msomaji aliyezoea kukutana humu na tungo za bahari, mapenzi na wasia huenda akastaajabu kuona leo anazungumziwa injini ya gari. Tunamwomba astahimili kidogo. Wahenga wetu waliitafuta hekima katika jahazi, tanga na usukani kwa kuwa hivyo ndivyo vyombo walivyovitegemea. Sisi tumekabidhiwa vyombo vingine, navyo vina ya kutufunza, aghalabu kwa ukali zaidi kuliko tanga.

Yalinikuta Songea. Mji huo umekaa juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, karibu na milima ya Matogoro unakoanzia mto Ruvuma, ule ule unaokuja kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Nilimsindikiza jamaa yangu karakana, na tukiwa tunangoja zamu yetu akaingia kijana na gari dogo la Kijapani, lenye tabo. Alimwamkia fundi kwa adabu, kisha akaeleza haja yake: alitaka tabo iongezwe mgandamizo, apate kuwashinda wenzake katika mbio za njia ya Njombe, kwenye miinuko na miteremko ya Lukumburu.

Fundi alimwuliza maswali matatu. La kwanza, rejeta yako ikoje? La pili, breki zako zikoje? Kijana akajibu yote mawili kwa haraka ya mtu mwenye shughuli. La tatu, mwanangu, utakimbilia wapi? Kijana akacheka: "Barabarani, mzee. Kwani gari hukimbilia wapi?" Fundi akaweka spana chini, akasema, "Basi kazi hiyo siifanyi." Kijana naye akamjibu neno ambalo nimevuka nalo bahari hadi huku kisiwani: "Usipofanya wewe, atafanya mwingine."

Ili tulipime neno hilo kwa insafu, kwanza tuelewe kile alichokataa fundi. Tabo ni wazo la mtu asiyependa kutupa kitu. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake mwaka 1905. Katika nguvu zote zilizomo ndani ya mafuta, takriban theluthi moja tu ndiyo huzungusha magurudumu. Sehemu kubwa ya iliyobaki huondoka na moshi, na nyingine huchukuliwa na maji ya kupoza. Büchi aliutazama moshi huo unaopotea akauwekea gurudumu dogo liuzuie njiani. Moshi ukilizungusha, nalo huzungusha gurudumu mwenza linalosukumia hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, mafuta nayo yanaweza kuzidishwa, na injini ndogo ikatoa nguvu za injini kubwa.

Lakini hewa ikigandamizwa hupata moto. Ichukue ikiwa na nyuzi 30, uizidishie mgandamizo maradufu, nayo itatoka katika tabo ikiwa imepita nyuzi 100. Kule juu Songea, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, gurudumu hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuleta mgandamizo ule ule, na joto huzidi. Joto hilo likiachiwa kuingia katika silinda, mafuta huwaka kabla ya wakati wake, injini ikaanza kugonga, na pistoni iliyoundwa kudumu miaka ikatoboka kwa muda mfupi.

Ndiyo maana fundi wa mbio, pamoja na kutafuta nguvu, hushughulika mno na joto. Huweka kipoza hewa mbele ya gari. Huongeza rejeta na njia za kupoza oili. Huchelewesha cheche kidogo. Humimina mafuta zaidi ya yanayohitajika ili yapoze silinda. Ukimtazama utagundua kwamba hakuna hata mara moja anapolifuta joto. Analihamisha tu, kutoka chuma kinachoungua kwenda hewa inayopita. Hata breki hufanya hivyo hivyo: huugeuza mwendo wote kuwa joto ndani ya visahani vya chuma, na gari lililotoka kilomita 80 kwa saa likafika 160 huzitaka breki zibebe joto mara nne, wala si mara mbili.

Kwa hiyo joto ni deni la mwendo. Haliwezi kukanwa wala kusamehewa; ila hupewa mtu au kitu cha kulilipa. Hapa ndipo swali la tatu la fundi linapopata uzito wake. Rejeta na breki ni walipaji wa mwanzo. Vikishindwa, ni nani anayefuata? Katika uwanja uliofungwa atalipa dereva mwenyewe, aliyekubali. Katika barabara ya Lukumburu anaweza kulipa mama aliyejitwika kuni, mtoto anayerudi skuli, abiria aliyesinzia ndani ya basi. Hao hawakuulizwa, wala kombe likipatikana hawatagawiwa.

Historia ya mbio katika nchi zetu yatosha kuwa shahidi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari ya tabo yalipopamba moto, Toyota Celica ilishinda mfululizo mwaka 1984, 1985 na 1986. Kwa miaka mingi, hadi 2002, mbio hizo zilipita katika barabara ambazo wananchi waliendelea kuzitumia, na timu zenye uwezo zikarusha helikopta mbele ya magari yao kuangalia nani au mnyama gani yuko njiani. Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, ilikuja na vipande vya njia vilivyofungwa. Mbio hazikupungua utamu. Ila deni limesogezwa karibu zaidi na wale waliolikopa.

Kuna kisa kingine kitakachowagusa washairi. Mwaka 1995 magari ya ubingwa wa dunia yalitakiwa yavute hewa kupitia pete yenye upana wa milimita 34, iliyowekwa mbele ya tabo ili nguvu zisivuke mpaka. Katika mbio za Catalunya ikagundulika kwamba gari za Toyota zilikuwa na kifaa cha siri kilichoisogeza pete, hewa ikapata njia ya pembeni. Timu ilivuliwa pointi zote za mwaka huo, ikafungiwa miezi 12. Mtu anaweza kuuliza, kosa liko wapi, ikiwa gari limekwenda mbio zaidi, na mbio ndizo zilizotakiwa? Mshairi hahitaji kuelezwa. Anayetunga shairi la mizani 16 akapenyeza mizani ya 17 hakuongeza utungo wake, ameuvunja. Mpaka ndio unaoufanya ushindi uwe ushindi.

Sasa turudi kwa kijana. "Atafanya mwingine" ni hoja nzito, wala tusiidharau. Fundi ana watoto, na fedha aliyoiacha iliingia mfuko wa jirani. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba uovu unaweza kutendeka. Haithibitishi kwamba ni halali kwangu kuutenda. Ingekuwa inathibitisha, muuza dawa bandia naye angekuwa salama, kwani hakosekani mwenzake mtaa wa pili.

Yumkini atatokea msemaji mwingine aseme: mhunzi hana dhima ya kisu kilichoua. Kweli, iwapo hakujua. Fundi yule alikuwa na uwezo wa kutojua. Angeishia kwenye rejeta na breki, angeifanya kazi yake kwa ustadi, angelala usingizi. Aliuliza la tatu, na aliyeuliza akajibiwa hana tena pa kujificha. Nami naona kwamba wengi wetu hatuangushwi na majibu mabaya. Tunaangushwa na swali tulilolikwepa makusudi, tukijua jibu lake litatunyima rizki au starehe.

Nasema "wengi wetu" kwa sababu nami nimo. Siku niliyoondoka Songea nilikuwa na miadi ya boti Dar es Salaam, na kila basi letu lilipolipita gari jingine mlimani nilifurahi moyoni. Sikuuliza breki zikoje. Sikuuliza haraka yangu ingelipwa na nani. Mtu aliyemsifu fundi jana, leo ni mteja yule yule, tofauti yake ni tiketi tu.

Tulifika salama. Dereva alisimamisha basi, lakini hakuzima injini. Aliiacha ingurume polepole kwa dakika kadhaa huku abiria wakinung'unika kuhusu mafuta yanayopotea. Yeye alijua kwamba tabo iliyotoka mbioni ikizimwa ghafla, oili hutuama ndani yake na kuungua, na siku moja itaikamata shingo ya gurudumu. Nilibaki kitini nikiisikiliza. Ubeti mwema una kituo kati ya ukwapi na utao, na kituo hicho ni sehemu ya mizani, ingawa hakina neno. Ndivyo ulivyokuwa mngurumo ule. Kisha dereva akazima, nikashuka na mzigo wangu, na boti nikawa nimeikosa.