Sahihi ya Mkaguzi na Damu ya Jirani

Katika sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati, baada ya amri ya kumrudishia ndugu ng'ombe wake aliyepotea, imo sheria ya ujenzi. Anayejenga nyumba mpya anaagizwa azungushie paa lake ukuta mfupi, la sivyo mtu akianguka kutoka huko juu, nyumba hiyo itabeba hatia ya damu yake. Sheria haisubiri mtu aanguke. Mwenye nyumba anadaiwa mapema, tena kwa ajili ya mgeni ambaye pengine hatapanda juu ya paa hilo hata siku moja.

Anayehifadhi petroli naye ana paa la namna hiyo, ila ukingo wake hauonekani. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali mafuta ya taa hungoja joto la nyuzi 38 hivi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupai, hutambaa chini, ukafuata mtaro, ukapenya chini ya mlango, mpaka ukutane na jiko la mtu asiyejua lolote. Ndiyo maana matangi ya vituo hufukiwa ardhini, mabomba ya kutolea mvuke huinuliwa juu, na umbali kati ya kituo na makazi hupimwa. Mama anayekaanga vitumbua nyuma ya kituo hawezi kulikagua tangi. Lazima mtu mwingine amkagulie.

Hapo ndipo watu wa dini huanza kubishana. Ajali haina kinga, husema wengine, na siku ya mtu ikifika imefika. Maneno hayo yalisikika mno Morogoro mwaka 2019. Tarehe 10 Agosti, lori la mafuta lilipinduka Msamvu. Watu wakakimbilia na vidumu kuchota petroli, moto ukalipuka, na hatimaye waliofariki wakazidi 100. Kwa waliofiwa, kuikabidhi kwa Mungu siku kama hiyo ni faraja, na hakuna wa kuwanyang'anya. Tatizo huja pale faraja hiyo inapotumiwa na wasiofiwa kufunga faili.

Uislamu wenyewe ulilijibu swali hili mapema. Katika karne ya 7, Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Shamu alipopata habari kwamba huko kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubaida bin Jarrah akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia, lakini anaikimbilia kadari nyingine ya Mungu huyohuyo. Kwa hoja hiyo, tangi lililopimwa na valvu iliyofungwa vizuri ni sehemu ya kadari sawasawa na mlipuko. Anayeacha kukagua hawezi kudai kuwa imani yake ni kubwa kuliko ya Umar.

Lakini cheti anachosaini mkaguzi nacho ni kitu gani? Ni ushahidi. Mkaguzi anawaambia watu ambao hatawajua kamwe kwamba amefika, ameona, na mahali hapa panafaa. Akisaini bila kufika, au akafika na kufumba macho, ametoa ushahidi wa uongo, jambo ambalo Biblia na Kurani zinalikemea vikali.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori lililobeba gesi lililipuka Embakasi, Nairobi. Watu kadhaa walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka 2023, sababu kubwa ikiwa ni kukosa umbali wa usalama katika eneo lenye watu wengi. NEMA, mamlaka ya mazingira, ilisema kwamba kibali chake kilitolewa kinyume cha taratibu, na baadhi ya maafisa wake wakasimamishwa kazi. Ofisi moja ilikataa, nyingine ikakubali.

Hata hivyo, lawama isimwangukie kila anayevunja kanuni kwa uzito uleule. Kijijini, ambako kituo kiko mbali sana, bodaboda hutegemea petroli ya chupa inayouzwa dukani kando ya sabuni na viberiti. Muuzaji anahatarisha watoto wanaolala chumba cha nyuma, na sheria ina haki ya kumkataza. Ila kumkataza bila kumpa njia nyingine ni kumhukumu maskini kwa umbali ambao hakuuchagua. Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, imelegeza masharti ya vituo vya vijijini ili wajengaji wa mitaji midogo wavimudu. Kila kituo cha aina hiyo kinapofunguliwa, udhuru wa muuzaji wa chupa unapungua, na wajibu wa mkaguzi kufika huko kwa miguu yake mwenyewe unaongezeka.