Asiyekuwapo, na Lake Lipo

Mtoto akifa, jirani ajua la kufanya. Huja na kuni na unga, husaidia kuchimba kaburi, huketi matangani, na siku ya arobaini hurudi tena. Huzuni ni kubwa, lakini ina njia yake, na njia hiyo tumeirithi kwa wazee wetu. Walakini kijana wa miaka 15 akitoka nyumbani asubuhi asirudi, wala mwili wake usionekane, wala habari yake isisikike, jirani huyo huyo hajui la kufanya. Juma la kwanza huzunguka porini pamoja na wenzake. Juma la pili huuliza habari. Mwezi wa tatu huanza kupita njia nyingine, asije akakutana na mama wa mtoto na kukosa neno la kumwambia.

Juu ya jambo hili twapenda kufikiri pamoja na wasomaji wetu. Swali letu ni hili: mtu aliyepotea, ambaye hatujui kama yu hai au amekufa, ana haki gani kwetu? Na haki hiyo huisha lini?

Wahenga walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii yafaa penye kugawana chakula au kukata shauri barazani, maana aliyechelewa kwa kupenda kwake asiwalaumu waliofika mapema. Lakini wako watu waliokwisha kuifanya kuwa sheria ya maisha yote. Mtoto hayupo, basi jina lake halitajwi; halitajwi, basi hakuna anayeuliza; na asipoulizwa, haki yake imekwisha. Sisi twasema si hivyo, na mji wa Bagamoyo ni shahidi wetu.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara, itokayo Ujiji na Tabora, ilifika mwisho wake Bagamoyo. Kwa njia hiyo zilikuja pembe za ndovu, na pamoja nazo wakaja watu, na katika watu hao vijana na watoto wengi. Wengine walinyakuliwa vitani, wengine waliuzwa wakati wa njaa. Kutoka Bagamoyo walivushwa kwa majahazi hata Unguja. Kila mmoja wao alikuwa na kijiji alikotoka, na huko nyuma mzazi wake, kama alinusurika, alibaki akitazama njia.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda bara, ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta David Livingstone, kwa kuwa watu wa Ulaya na Marekani walikuwa hawana habari zake. Aliajiri watu karibu 200 kwa safari hiyo, na mwezi wa Novemba akamkuta Ujiji. Hatusemi ilikuwa vibaya kumtafuta. Livingstone naye alikuwa mtu wa watu, tena aliyeandika kwa uchungu juu ya biashara ya watumwa. Lakini tuitazame njia ile. Kwa upande mmoja walikwenda watu karibu 200 kumtafuta mtu mmoja aliyepotea. Kwa upande wa pili, katika miaka hiyo hiyo, walikuja watoto waliopotea kwao, wala hakuna gazeti lililotuma mtu kuwatafuta. Yule mmoja alikuwa na watu wa kumwulizia wenye nguvu na fedha. Hawa hawakuwa nao.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walikwisha kuanza misheni yao Bagamoyo mwaka 1868. Walipokea watoto waliokombolewa utumwani, wakawalisha, wakawafundisha, wakawajengea kijiji. Twamshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Hata hivyo tuseme kweli yote: mtoto aliyeonekana Bagamoyo alikuwa bado amepotea kwao. Wengi walichukuliwa wakiwa wadogo mno, hawakuweza kueleza njia ya kurudi, na njia yenyewe ilikuwa ya hatari. Hivyo mtoto mmoja alikuwa salama pwani, akijua kusoma na kuimba, na katika nyumba yake ya bara walikuwa wakimlilia kama maiti.

Hapo twajifunza neno la kwanza. Mtoto hapotei mahali pasipo watu. Yule tumwitaye aliyepotea yuko mahali fulani, mbele ya macho ya watu fulani. Ila wamwonao hawajui, au hawataki kujua, ya kuwa anatafutwa. Na hata kama amekufa au ameuawa, mara nyingi yuko anayejua jambo na kunyamaza. Kwa hiyo kazi ya kutafuta si ya wale waliopotelewa peke yao. Ni kazi pia ya wale waliomwona mgeni na wasimwulize.

Neno la pili twalipata kwa watu waliofika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, wameubeba mwili wa Livingstone baada ya safari ya miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Mwili huo ulipokewa katika misheni kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Katika wabebaji hao walikuwamo Chuma na Jacob Wainwright, ambao wote wawili walitekwa utotoni, wakakombolewa. Watu hao, ambao wenyewe walikuwa watoto waliopotea, hawakukubali rafiki yao azikwe mbali, jamaa zake wasipate hakika. Waliona ya kuwa wenye mtu wana haki ya kujua yaliyompata mtu wao, hata ikiwa kujua huko ni kulia tu.

Labda msomaji atasema, hayo ni mambo ya kale. Basi tutazame ya juzi, kwa jirani zetu wa Uganda. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa Joseph Kony waliingia katika shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria ya Aboke, wakawachukua wasichana 139. Sista Rachele Fassera, naibu mkuu wa shule, pamoja na mwalimu mmoja, walizifuata nyayo zao msituni bila silaha yo yote. Aliwakuta, akaomba, akabembeleza, akarudi na wasichana 109. Wengine 30 walizuiwa.

Kwa hesabu ya sokoni hiyo ni faida kubwa, naye angeweza kupumzika. Lakini hakupumzika, wala wazazi hawakupumzika, hata wale ambao watoto wao walikuwa wamerudi. Walifanya chama, wakawasemea watoto wote waliotekwa, siyo wa Aboke tu. Mmoja wa wazazi hao, Bibi Angelina Atyam, aliambiwa ya kuwa binti yake ataachiliwa ikiwa yeye atanyamaza. Alikataa, akataka wote waachiliwe. Wazazi wangapi kati yetu tungeweza? Hatuthubutu kujibu upesi. Lakini twaona sababu yake: kama angempokea mtoto wake kwa bei ya kuwanyamazia wengine, angewapoteza wale wengine mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Binti yake alitoroka mwaka 2004, na mwingine katika wale 30 alirudi mwaka 2009, yaani zaidi ya miaka 12 baada ya usiku ule. Wako waliofia msituni. Je, kama wenye kuuliza wangechoka mwaka wa pili?

Yako maneno ya kutupinga, nayo hatuna budi kuyasikiliza. Wako wasemao kwa huruma: mwacheni mama huyo apumzike, kila mkiuliza mwatonesha kidonda, afadhali aweke matanga, amwachie Mungu. Twajibu hivi. Kumwachia Mungu ni jambo jema, lakini kumwachia Mungu si sawa na kuchoka kwa wanadamu. Mama akitaka mwenyewe kuweka matanga, tumsaidie kwa heshima, naye hana dhambi. Lakini si haki yetu kumharakisha ili sisi tupate raha. Mwenye kovu, usidhani amepoa. Hata sheria ya Kanisa, inapohusu mume au mke aliyepotea, yasema ya kuwa kutokuwapo peke yake, hata kwa muda mrefu, hakutoshi kumhesabu kuwa amekufa. Askofu hana budi kwanza kuchunguza na kupata hakika ya moyo. Ikiwa miaka peke yake haitoshi kumtangaza mtu kuwa maiti, yatosha vipi kumfuta katika kumbukumbu za jirani zake?

Wako pia wanaofunga shauri kwa njia mbaya zaidi, nayo ni uvumi. Huyu asema msichana amefuata mwanamume; yule asema ametolewa kafara; wa tatu amtaja bibi kizee mwenye macho mekundu. Watu hao wajifanya kujua, nao hawajui. Uvumi humvunjia heshima asiyekuwapo kujitetea, humtia hatarini mtu asiye na hatia, na tena huwapa wengine sababu ya kuacha kutafuta.

Basi tufanye nini? Kwanza, mtoto akikosekana, taarifa ipelekwe mara moja polisi na kwa serikali ya kijiji, pasipo kungoja kesho wala kuona haya. Pili, tusiikwepe nyumba iliyopotelewa. Hatuhitaji maneno mengi. Yatosha kubisha hodi, kuketi, na kumtaja mtoto kwa jina lake. Mzazi hasahau kwa sababu sisi tumenyamaza. Huhesabu tu ya kuwa amebaki peke yake.

Tatu, na hili ndilo tunalotaka lishike mioyoni mwa wasomaji wetu wa mijini: tutazame ndani ya nyumba zetu. Leo pia wako wasichana watolewao vijijini kwa maneno matamu ya kazi na shule, wakaletwa mijini. Wengine hunyang'anywa simu, na kwao hawajui walipo. Sheria ya mwaka 2008 yakataza biashara ya kusafirisha watu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwagiza kila mtu ajuaye ya kuwa haki za mtoto zinavunjwa kutoa habari kwa serikali ya mtaa. Lakini sheria haiingii jikoni. Aingiaye jikoni ni wewe. Je, binti akupikiaye, wamjua mama yake kwa jina? Mama huyo ajua binti yake yuko kwako? Na yule umwonaye kila asubuhi kwa jirani akichota maji, hatumwi shule wala kanisani, umepata kumwuliza kwao wapi? Huenda twamwombea mtoto aliyepotea, naye amesimama mlangoni petu ameshika ndoo.

Kila Jumatatu na kila Jumamosi familia zetu husali Rozari kwa Matendo ya Furaha, na katika tendo la tano twawakumbuka wazazi waliomtafuta mtoto wao wa miaka 12 kwa siku tatu wakiwa na uchungu. Twaliita tendo la furaha kwa kuwa alionekana. Ziko nyumba, pwani na bara, ambazo siku yao ya tatu haijafika. Tufikapo tendo hilo, tumtaje kwa jina mtoto mmoja aliyepotea tunayemjua sisi. Na Rozari ikiisha, mmoja wetu ainuke aende kuwajulia hali wazazi wake.