Dhoruba katika Zaburi ya 29



Sisi tukaao Kigoma na Ujiji twaujua usiku usio na mwezi. Taa za wavuvi wa dagaa huonekana mbali ziwani kama mji mwingine. Kisha upepo hubadilika, na taa zaanza kuyumba. Mama aliye nyumbani haoni kitu. Asikiliza tu, na kwa masikio yake apima hatari iliyompata mumewe.

Zaburi ya 29 yataka isikilizwe hivyo. Ni shairi la dhoruba, nasi mara nyingi twaisoma mbio kanisani kana kwamba ni matangazo ya juma. Hebu tuitazame polepole. Neno "sauti" limerudiwa humo mara saba. Kwa Kiebrania ni "qol", neno fupi, zito kama pigo la ngoma. Mwimbaji hakukosa maneno mengine. Alitaka tuisikie ngurumo ikija, ikinyamaza, ikija tena, kama mawimbi yapigavyo mtumbwi kabla haujatulia.

Tazameni pia maneno waliyochagua watafsiri wetu. Tamka "pasua": midomo hufungwa, kisha pumzi huifungua kwa nguvu. Tamka "tetemesha": ulimi wagonga, wagonga tena. Dhoruba yaanzia juu ya maji, yaivunja mierezi ya Lebanoni, yafika hata jangwa la Kadeshi. Mierezi hatunayo, lakini twaijua michikichi yetu iinamishwapo na upepo, makuti yakilia.

Sasa angalieni neno la mwisho la Zaburi hiyo: amani. Baada ya vishindo vyote, neno laini, la pumzi tulivu. Mwimbaji hakusema kwamba dhoruba haitakuja. Wako miongoni mwetu ambao wapenzi wao hawakurudi kutoka ziwani, wala tusithubutu kuwaambia kwamba ilikuwa kelele tu. Alisema kwamba Mungu aketi juu ya gharika yenyewe, na neno la mwisho ni lake.

Basi, ndugu, tuisomapo Zaburi hii tusikimbie. Tutue kila "sauti" ifikapo, na neno "amani" tulitamke kwa upole. Maana huenda katika benchi la nyuma ameketi mama aliyekesha usiku kucha akilisikiliza ziwa.

Bwana awalinde walio majini. Amina.